Spika tupu imepanda bei: usiifiche ndani ya boksi



Leo nina maoni ambayo najua baadhi yenu hamtayapenda. Tumefundishwa sana kwamba mteja apewe bei moja tu, asionyeshwe gharama, kwa sababu akiziona ataanza kukukata huku na huku. Kwa biashara nyingi nakubali. Ila kwa sisi tunaotengeneza spika kwa mkono na kuziuza WhatsApp na Instagram, nasema tofauti. Spika tupu imepanda bei na inaendelea kuyumba. Ukiificha ndani ya bei ya boksi unaishia kwenye moja kati ya mawili: unakula hela yako mwenyewe ya ufundi bila kujua, au unaanza kumpa mteja kitu ambacho hakukiagiza.

Hata kama wewe unauza keki au mapazia, kaa hapa. Mwishoni nitakuja kwako.

Kwanza tuelewane maneno. Nikisema spika tupu namaanisha ile yenyewe, yenye koni mbele na sumaku nyuma, kabla haijaingia kwenye boksi. Wengine wanaiita draiva, wengine yuniti, fundi wa mtaani anaiita spika tu. Boksi ni plaiwudi au MDF tunayokata, kugundisha na kupaka rangi. Ukiunganisha hivyo viwili na krosova, twita, wavu na terminali, ndio unapata kile mteja anachokiita "mziki".

HESABU AMBAYO WENGI HAWAIPIGI

Namba hizi ni za mfano, weka za kwako. Tuseme unauza boksi moja la inchi 15 kwa shilingi 400,000:

Spika tupu: 180,000
Plaiwudi na mbao: 70,000
Twita, krosova na terminali: 40,000
Rangi, kona, mishikio na wavu: 30,000
Ufundi wako: 80,000

Sasa unarudi Kariakoo, spika ileile inauzwa 230,000. Imeongezeka 50,000. Mteja alishaona bei yako ya 400,000 kwenye stetasi wiki iliyopita, unaona aibu kubadilisha. Unasema "poa tu, nitavumilia hii moja."

Angalia kilichotokea. Spika imepanda kwa chini ya theluthi. Lakini ufundi wako umetoka 80,000 ukawa 30,000, yaani umepungua kwa zaidi ya nusu. Siku zako mbili tatu za kukata, kupiga msasa na kupaka rangi umezifanya kwa 30,000, na hapo bado hujalipa umeme na nauli ya bodaboda. Muuza spika hajapoteza kitu, mwenye plaiwudi hajapoteza kitu. Wewe peke yako ndiye umelipia ongezeko lote.

Sababu ni kwamba spika tupu ni karibu nusu ya gharama ya kazi nzima, na ndiyo sehemu pekee ambayo huwezi kuitengeneza. Mbao ikipanda unaweza kukata kwa akili zaidi. Rangi ikipanda unabadilisha aina. Spika ikipanda huna la kufanya, maana inatoka kiwandani ikiwa imekamilika.

KWA NINI INAPANDA

Nataka ujue sababu, kwa sababu mteja atakuuliza, na jibu la "vitu vimepanda" halimridhishi mtu.

Spika tunayotumia leo kimsingi ni ileile ambayo Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric ya Marekani waliielezea mwaka 1925: koili ya waya ndani ya sumaku, imeshikana na koni, ikipewa umeme wa muziki inasukuma hewa. Karibu miaka mia imepita na bado hakuna spika ya namna hii bila sumaku na bila waya. Kwa hiyo bei yake inafuata bei ya vitu hivyo viwili, halafu usafiri, halafu dola.

Sumaku. Spika nyingi tunazonunua zina sumaku ya feraiti, ile nyeusi, nzito, duara kama chapati nene. Malighafi yake ni oksidi ya chuma, haina shida kubwa ya bei, lakini uzito wake ni mateso. Spika nyepesi za kisasa zina sumaku ya neodimi, ndogo lakini kali. Hiyo nayo inagombaniwa na watengenezaji wa magari ya umeme na mitambo ya upepo, na sehemu kubwa sana ya uzalishaji wake iko China. Mwaka 2010 China ilipunguza kiasi cha madini haya kinachouzwa nje, na kufikia 2011 bei ya neodimi iliruka mara kadhaa. Aprili 2025 China ikaweka tena masharti ya vibali kwa madini kadhaa ya kundi hili, yakiwemo disprosi na terbi, ambayo huongezwa kwenye sumaku za neodimi ili zivumilie joto. Spika ya nguvu inachemka, kwa hiyo joto linatuhusu.

Waya. Koili ni shaba, au alumini, au alumini iliyopakwa shaba. Mei 2024 tani moja ya shaba kwenye soko la London ilipita dola 11,000 kwa mara ya kwanza.

Usafiri. Spika moja ya inchi 15 yenye feraiti na fremu nzito inaweza kufika kilo nane hata kumi. Kwa ndege unalipa kwa kilo, na mzigo wenye sumaku kali una masharti yake kwenye ndege. Kwa meli unasubiri. Mwisho wa 2023 meli zilipoanza kukwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, hata mizigo isiyopita huko iliguswa, kwa sababu meli ni zilezile na safari zimekuwa ndefu.

Dola. Hii ndiyo inayotuumiza bila kelele. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300. Katika 2024 ikapita 2,700. Chukua spika ya dola 60 ambayo kiwanda hakijaongeza hata senti: kwa 2,300 ni 138,000, kwa 2,700 ni 162,000. Umelipa 24,000 zaidi kwa kitu kilekile. Halafu kabla 2024 haijaisha, dola ikarudi chini ya 2,500. Inapanda na kushuka, na wewe umeandika bei moja kwenye posti ya miezi sita iliyopita.

Juu ya hapo weka VAT ya asilimia 18 huku Bara, na faida ya kila mkono ambao spika imepitia mpaka kufika kwako. Kiwanda cha sabufa za madukani kinanunua spika kwa maelfu. Wewe unanunua moja, rejareja, mwisho kabisa wa mnyororo. Ndiyo maana mteja anakuonyesha sabufa nzima yenye bluetooth na taa, inauzwa chini ya bei ya spika yako tupu, anakuuliza "mbona wewe ghali?" Mle ndani kuna spika ndogo yenye sumaku ndogo, boksi jembamba, na vyote vimesafiri pamoja kama mzigo mmoja. Hamfanyi biashara moja.

UJANJA UNAOUA JINA

Sasa tuseme ukweli kuhusu kinachoendelea mtaani. Spika ikipanda, muuzaji haongezi bei. Anatafuta spika nyingine ya inchi hizohizo yenye bei ya chini, anaifunga kwenye boksi lilelile, anatumia picha zilezile za zamani. Mteja yuko Mbeya au Kigoma, hataona nyuma ya wavu.

Kwaya moja iliniletea maboksi mawili waliyonunua kwa mtu mwingine mtandaoni. Walisema ya rafiki yao aliyenunua kwa muuzaji huyohuyo yanapiga vizuri, ya kwao yanavuma tu kama pipa. Nikafungua. Boksi zuri, kazi safi ya mbao. Spika ndani haikuwa ile iliyotajwa kwenye maelezo. Fundi alikuwa anajua kazi yake, ila alijaribu kuibakiza bei ya zamani kwa spika mpya. Amepoteza kwaya nzima na kila kanisa watakalolisimulia.

Mbali na uaminifu, kuna sababu za kifundi zinazofanya ujanja huu usifanye kazi.

Ya kwanza: boksi la spika moja si boksi la spika nyingine. Tangu kazi za Neville Thiele wa Australia mwaka 1961, na Richard Small aliyeziendeleza miaka ya 1970, ukubwa wa boksi unapigiwa hesabu kutokana na tabia za spika yenyewe. Kwenye karatasi ya spika utaziona: Fs, Qts, Vas. Spika mbili zote za inchi 15, moja inaweza kutaka lita 80 na nyingine lita 150, na tundu la hewa la urefu tofauti. Ukibadilisha spika bila kubadilisha boksi, besi inapotea au inakuwa mvumo mmoja kwa kila wimbo. Ndicho kilichowapata wale wa kwaya.

Ya pili: spika ya bei rahisi mara nyingi inakula umeme mwingi na kutoa sauti ndogo. Kuna kipimo cha desibeli kwa wati moja kwa umbali wa mita moja. Kila desibeli 3 zinazopungua, unahitaji wati mara mbili kupata sauti ileile. Yaani spika ya desibeli 96 ikipewa wati 50 inalingana na ya desibeli 90 ikipewa wati 200. Mteja "aliyeokoa" 50,000 kwenye spika anaenda kununua amplifaya kubwa zaidi. Mwambie hivyo, kwa maneno hayohayo.

Ya tatu: wati za kwenye stika. Spika imeandikwa 3000W, sumaku yake kama kifuniko cha chupa ya chai. Soketi ya nyumbani kwetu ni volti 230 na fyuzi ya plagi ni ampea 13. Zidisha: ni wati 2,990 tu, ndio mwisho wa plagi nzima kwa muda mrefu. Redio inayobebeka kwa mkono mmoja na kuandikwa PMPO 10,000 imetoa wapi hizo wati? PMPO haina kipimo kinachokubalika popote. Kinachouzika kwa mtu anayejua ni RMS, au kile ambacho watengenezaji makini wanaandika kwa kutaja kipimo cha AES. Ukiuza kwa wati za stika utashindana na waongo, na waongo siku zote watakuwa na namba kubwa kuliko yako.

WALIOTUTANGULIA WALIFANYAJE

Hii ishu ya sumaku kupanda si mpya, na mara moja ilianzia karibu na kwetu. Zamani spika nzuri zilitumia sumaku ya alniko, ambayo ndani yake kuna kobalti. Kobalti nyingi ya dunia ilikuwa inatoka Katanga, Kongo, mkoa ambao wakati ule wa Zaire uliitwa Shaba. Mei 1978 vita vilifika Kolwezi, migodi ikatikisika, bei ya kobalti ikaruka mara kadhaa. Watengenezaji wa spika wa Marekani na Ulaya wakajikuta kwenye hali yetu hii: kitu kilichobeba bei ya spika kimepanda, na hakuna anayejua kitashuka lini.

Wengi wakahamia feraiti. Lakini angalia JBL walivyofanya. Walichora upya mfumo wa sumaku ili feraiti ifanye kazi vizuri, na wakabadilisha namba ya modeli. Spika iliyokuwa 2231A ikaja 2231H. Herufi moja tu. Mnunuzi akiiona anajua hii ni ya sumaku mpya, anaamua mwenyewe.

Somo ninalolichukua hapo ni dogo na linatutosha: unaruhusiwa kubadilisha spika, lakini ukibadilisha spika badilisha boksi na badilisha jina. Kama ulikuwa unauza "Boksi la 15 A", toleo lenye spika nyingine liite "15 B", lipige picha zake, litaje spika yake, lipe bei yake. Usilivalishe nguo za mwenzake.

NINACHOPENDEKEZA: TENGANISHA BEI

Mimi mteja akiniuliza bei simwandikii namba moja. Namtumia hivi:

"Boksi moja la inchi 15, plaiwudi mm 18.
Spika: 230,000 (modeli nimeitaja kwenye picha, bei ya leo)
Mbao, twita, krosova, rangi na vingine: 140,000
Ufundi: 80,000
Jumla: 450,000
Bei ya spika inasimama mpaka Ijumaa saa 10 jioni. Spika na vifaa vinalipwa kabla, ufundi unalipwa siku ya kuchukua."

Inachukua dakika mbili kuandika. Angalia inachokupa.

1. Ufundi wako unaonekana na haukatwi na mtu. Mteja akitaka punguzo mnaangalia pamoja: tupunguze spika, rangi, au mishikio? Ni nadra sana mtu kusema "punguza 80,000 ya mikono yako" akiwa ameiona imeandikwa peke yake kwa siku tatu za kazi.

2. Spika ikipanda, mteja anaona imepanda spika. Hakuoni wewe ukiwa na tamaa. Ikishuka, unaishusha kwake pia. Dola iliporudi chini mwisho wa 2024, mtu aliyekuwa anatenganisha bei alikuwa na nafasi ya kumwandikia mteja wa zamani: "spika yako imepungua, bado unaitaka?" Ujumbe kama huo unauza kuliko tangazo la kulipia.

3. Bei ina tarehe ya kufa. Hakuna tena mtu wa kukuletea skrinishoti ya miezi sita nyuma.

4. Hujifungi mtaji. Hela ya spika ni ya mteja, inaenda moja kwa moja dukani.

Najua hapo kwenye kulipa kabla ndipo penye kazi, kwa sababu watu wametapeliwa sana mtandaoni, na wana haki ya kuogopa. Dawa yangu: siku hiyohiyo unanunua spika, unadai risiti, unaandika jina la mteja kwenye karatasi ya gundi na kuibandika juu ya sumaku, unampigia picha pamoja na risiti, unamtumia. Kuanzia hapo spika ni yake. Akiahirisha kazi, aje achukue spika yake, hamna ugomvi. Wengi wanaogopa kutuma hela kwenye namba ya simu, lakini hawaogopi kumiliki kitu chenye jina lao.

"MTEJA ATAENDA KUNUNUA MWENYEWE"

Hili ndilo swali nililoulizwa zaidi nilipoanza kuwaeleza wenzangu. Jibu: ataenda, na si hasara.

Akija na spika yake, wewe unauza boksi na ufundi. Faida yako iko palepale, kwa sababu ilikuwa kwenye ufundi, haikuwa imejificha kwenye spika. Ila weka masharti mawili. Moja, hukati mbao mpaka uione spika mkononi, maana boksi linafuata spika. Mbili, waranti yako ni ya boksi na nyaya. Spika aliyonunua mwenyewe ikiungua koili ni ya kwake na duka lake.

Na kama uliongeza kafaida kwenye spika? Hakuna dhambi. Umeenda mjini, umechagua, umepima, umebeba kilo kumi kwenye daladala. Andika "kununua na kupima: 15,000" kama mstari wake. Atakayeona ni ghali aende mwenyewe, wengi wataona ni bei ya haki.

Halafu msaidie asipigwe. Hii orodha mtumie bure, itakurudishia heshima:

- Beba spika mkononi. Nyepesi kuliko inavyoonekana na muuzaji hajasema ni neodimi? Uliza. Kama sumaku imevalishwa kofia ya mpira au plastiki, omba ivuliwe uone ukubwa wake.
- Sukuma koni taratibu kwa vidole vilivyotandazwa pande zote. Ikikwaruza, iache.
- Pima kwa mita. Spika ya om 8 husoma kama 6 hivi, ya om 4 husoma kama 3 hadi 3.5. Isiposoma kitu, koili imekatika.
- Gusisha betri ya volti 1.5, chanya kwa chanya. Koni itoke mbele. Ikirudi nyuma, alama zimegeuzwa.
- Omba karatasi yenye Fs, Qts na Vas. Duka lisilo na karatasi, piga picha modeli umtumie fundi kabla ya kulipa.

"MWENZANGU ANAUZA RAHISI"

Muache. Sisemi kwa kiburi. Ukishafahamu kwamba spika ya modeli ileile haiwezi kumfikia kwa nusu ya bei yako, unajua kwamba amefanya moja kati ya mambo mawili tuliyoyataja mwanzo: anajilipa kidogo au ameweka kitu kingine. Wa kwanza atachoka. Wa pili wateja wake watakuja kwako kufungua maboksi, kama wale wa kwaya. Kazi yako ni kuwa bado upo siku hiyo, na huwezi kuwepo kwa ufundi wa 30,000.

Kwa mteja ambaye kweli hela haimtoshi, kuna njia ya heshima: spika ya zamani iliyofungwa koni upya. Sumaku ya feraiti inaishi miongo mingi. Kinachokufa mara nyingi ni koili iliyoungua au koni iliyochanika, na hivyo vinabadilishwa. Sehemu ghali na nzito, sumaku na fremu, tayari iko nchini, imeshalipiwa usafiri na ushuru miaka iliyopita. Tafuta fundi mzuri wa koni, mfanye mshirika wako. Kwenye oda andika wazi: "spika iliyofungwa koni upya", na bei yake. Kwenye baa za mtaani na kwa madijei wanaoanza, hii ni bidhaa nzuri kabisa ikiuzwa kwa jina lake. Spika zikizidi kupanda, naona kazi ya koni itakua, na atakayeianza mapema atanufaika.

KWA WEWE USIYEUZA SPIKA

Nilikuahidi. Jiulize: katika bidhaa yako, kuna kitu kimoja unachonunua kwa mwingine, kinabeba karibu nusu ya bei, na kinayumba na dola? Kwa fundi mapazia ni kitambaa. Kwa muuza wigi ni nywele zenyewe. Kwa anayeunga taa za sola ni betri. Kama kipo, fanya hesabu ya pale juu. Ongeza kitu hicho robo, bei yako ibaki, uone mkono wako umebaki na ngapi. Namba hiyo ikikutisha, bei moja ya jumla haikulindi.

Kama hakuna kitu kama hicho, yaani gharama zako zimegawanyika kidogo kidogo kama mwoka keki mwenye unga, sukari, mayai, siagi na gesi, endelea na bei yako moja. Hakuna mteja anayetaka kusoma bei ya mayai.

Ila sisi wa spika tupo upande ule mwingine. Bei ya sumaku inaamuliwa mbali, ya shaba inaamuliwa London, dola ina mambo yake. Tulicho nacho ni mikono, hesabu ya boksi, na jina. Viandike kwenye oda kwa mstari wake, ili kitu kingine kikipanda visiwe vya kwanza kukatwa.

Leo kabla hujalala, chukua oda yako ya mwisho, iandike upya kwa mistari mitatu: spika, vifaa, ufundi. Halafu niambie hapo chini ufundi wako halisi ulibaki shilingi ngapi. Tuseme ukweli, hapa tupo wenyewe.